Mahali Pasipo na Nukta

Saa nne usiku, Kiloleli, umeme umerudi.
Nafungua jedwali: mistari elfu sita na ushei,
kila mstari ni mtu aliyesimama mahali,
akainua uso, akaandika.

Mbuke, karani wa tiketi pale Kamanga:
mnandi kumi na wawili juu ya nguzo,
mabawa wameyaanika kama mashati ya wanafunzi wa bweni.
Daktari mmoja wa Bugando, kila atokapo zamu ya usiku:
mwewe mmoja. Mwewe mmoja. Mwewe mmoja.
Mwalimu Gindu na darasa la tano, Luchelele:
yangeyange thelathini na mmoja,
"wengine waliruka kabla hatujamaliza kubishana."

Kazi yangu ni kuwageuza wote hawa kuwa maduara.
Aina chache, duara dogo, njano iliyopauka;
aina nyingi, duara nene, jekundu.
Nikapanga, nikapaka, mwambao ukaanza kuiva.
Saanane ikawaka. Kapri Pointi ikawaka.
Nikamwita mke wangu aje aone.

Akatazama, kanga begani, mswaki mdomoni.
"Kumbe ndege nao," akasema, "wanapenda kukaa kwa matajiri?"

Nikarudi kwenye jedwali kama mwizi arudishaye kuku.
Furukombe kumi na wanne wa bustani ya hoteli
ni furukombe mmoja, wa mti mmoja,
aliyeonwa na wageni kumi na wanne wakinywa chai.
Jumapili ndege huongezeka maradufu:
si wao, ni sisi tuliopumzika.
Wiki ile ya mgao, simu hazina chaji,
ziwa zima likabaki bila bawa.

Na kaloli je?
Kaloli asimamaye juu ya mapipa ya Mwaloni
kama hakimu ambaye mshahara umechelewa,
kaloli wa kila paa, wa kila taa ya barabarani,
kwa takwimu zangu ni ndege adimu.
Nani aandike kaloli?
Nani huandika kwamba leo pia
ameuona mlango wa nyumba yake?

Magharibi, Kome na Maisome,
nilikuwa nimeacha nyeupe.
Nyeupe pe, sahani iliyooshwa.
Mbuke akaibandika ramani kwenye dirisha la tiketi,
na wiki haikuisha, ujumbe ukaingia:

"Wewe mchora ramani. Naitwa Bwire,
natengeneza injini za mitumbwi huku Kome.
Umesema kwetu hakuna ndege.
Basi huyu aliyeninyea begani leo asubuhi
alikuwa malaika?"

Nilicheka. Kisha sikucheka.
"Sijui" nilikuwa nimeipaka rangi ya "hakuna".

Nikatafuta kijivu.
Si cha majivu, si cha wingu la masika;
kijivu cha sufuria iliyofunikwa:
huenda mna dagaa, huenda mna maji matupu,
hakuna aliyenyanyua mfuniko.
Nikakimwaga popote ambapo hakuna aliyesimama.
Wekundu wangu wote ukanywea,
ukawa mbu waliouawa ukutani,
na ukuta ni mkubwa, jamani,
unavuka maji, unapanda hadi nyuma ya Igoma,
unaingia mitaa ninayopita kila siku nikitazama simu.

Bwire nimemtumia bando.
Juzi ameleta orodha yake ya kwanza:
Mnandi, wengi, sikuhesabu, nilikuwa na mteja.
Kitwitwi, wawili.
Fundichuma, mmoja, anaokota nyavu mbovu za watu, anajengea.
Na kadogo keusi, kiuno cheupe.
Bibi alikuwa na jina lake. Alikwenda nalo.

Nimepekua majina yote niliyopewa kuchagua.
Keusi wengi. Kiuno cheupe, wanne.
Hakuna hata mmoja aliyemjua bibi yake Bwire.
Kwa hiyo nimeongeza kisanduku mwishoni kabisa,
nimekipa nukta, ndogo kama punje ya uwele,
katikati ya kile kijivu,
na ukiigusa kwa kidole inaandika:
Muulize Bwire.